Malalamiko Kuhusu Uso wa Mfalme Kuonekana Vizuri Kupita Kiasi

Kwa Ndugu Mkurugenzi,
Kampuni ya Kusafisha na Kutoa Upya Filamu za Zamani.

Ndugu Mkurugenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya na bila haraka. Kama una haraka, iweke kando uisome ukishashiba, maana ina mambo ya ndoa ndani yake, na mambo ya ndoa hayasomwi mtu akiwa amesimama.

Mimi ni kinyozi. Nina saluni yenye viti viwili na vioo vitatu. Nina mke, ambaye ni mwoka mikate na huondoka nyumbani kabla jogoo hajafikiria kuwika. Nina binti anayesoma sekondari. Na nina mama mkwe tunayeishi naye, mtu wa maneno machache na masikio mengi. Si desturi yangu kulalamika. Umeme ukikatika nanyoa kwa mkasi, maji yakikatika nanyoa kwa subira. Lakini mlilonifanyia ninyi halina mkasi wala subira, na wahenga walisema mficha uchi hazai. Nimeamua kusema.

Jambo lenyewe ni lile kasha lenu jipya lenye filamu zote sita za Mfalme na joka aliyemeza mto, mlizozisafisha kwa picha angavu kupita zote, hiyo mnayoiita 4K. Juu ya kasha mmeandika kwamba sasa mtazamaji ataona kile ambacho hakuwahi kukiona. Mmesema kweli. Hilo ndilo lalamiko langu.

Niruhusu nieleze tulikotoka, usije ukadhani unaandikiwa na mtu asiyezijua filamu zako. Filamu hizo tumekuwa nazo tangu tulipooana, katika kanda. Kanda zetu zilirekodiwa kutoka kanda nyingine, ambazo nazo zilirekodiwa na mtu asiyejulikana kutoka runinga yenye antena mbovu. Picha ilikuwa na ukungu mwanzo hadi mwisho. Joka alikuwa wingu lenye hasira. Jeshi la Mfalme lilikuwa unga uliomwagika. Mtu mmoja tu ndiye aliyeonekana, naye ni Mfalme, kwa sababu kila baada ya muda mfupi walimsogezea kamera usoni. Hata yeye alionekana kwa jumla tu: nywele, pua, kidevu. Mtu anayeonekana kwa jumla anaweza kufanana na wengi, na kwa neema ya Mungu mmoja wao nilikuwa mimi.

Usidhani nimejipachika mwenyewe. Nilikuwa kijana, sina saluni, natembea na mashine yangu ndani ya mkoba kunyoa watu majumbani. Siku moja niliitwa kwa mzee mmoja aliyevunjika mguu, asiyeweza kutoka. Mzee huyo baadaye akawa baba mkwe wangu, Mungu amlaze pema. Sebuleni kwake walikuwa wakitazama filamu yenu ya kwanza. Mimi nilikuwa mlangoni na yule mzee kwenye kiti, kwa ajili ya mwanga. Kulikuwa na msichana amekaa sakafuni mbele kabisa, kidevu karibu kigonge kioo. Filamu ilikuwa imefika mahali Mfalme anapokula kiapo mbele ya jeshi lake. Yule msichana akainua kidole kwenye runinga, kisha akageuka akaninyooshea mimi, akasema: "Yule pale, si kama kinyozi?"

Sebule nzima ikaangalia runinga, ikaniangalia mimi, ikacheka. Walicheka kama watu wanavyocheka wakiona maajabu. Niliingia nyumba ile kinyozi, nikatoka mfalme. Nilianza kufuga nywele siku ileile, nikaziacha zishuke nyuma na kuzichana upande kama zake. Yule msichana ndiye mke wangu. Mtaa mzima unaniita Mfalme, na wengine wamesahau kabisa kwamba nina jina. Saluni yangu inaitwa ya Mfalme, na ukutani nimechorwa nikiwa na upanga, ingawa mkono mwingine nilimwomba mchoraji auwekee kitana ili watu wasipotee.

Sasa uone mlivyonivunjia nyumba hii, tofali baada ya tofali.

1. Kuhusu macho. Katika kanda zetu macho ya Mfalme yalikuwa meusi. Katika kasha lenu ni ya kijivu. Nimeuliza kama kuna namna ya kuyarudisha, nikaambiwa hayo ndiyo aliyozaliwa nayo. Sijui kwa nini habari za namna hiyo hazikutolewa mapema. Binti yetu, ambaye nilimfundisha mwenyewe kusema kweli, alitazama runinga, akanitazama, akasema, "Baba, wewe na huyu hata pua hazisalimiani." Nikamwambia aende akasome. Akasema ni likizo.

2. Kuhusu kovu. Nina kovu dogo juu ya jicho la kushoto. Nilijikata na wembe nikiwa najifunza kazi. Mfalme naye alikuwa nalo palepale, nami kwa miaka mingi nililihesabu kuwa ni alama, kwamba Mungu hafanyi vitu ovyo. Wateja wengi nimewaonyesha. Nimetazama filamu zenu zote sita kwa picha hiyo yenu angavu, nimesogea hadi pumzi yangu ikaweka umande kwenye kioo. Mfalme hana kovu. Ana ngozi ya mtoto mchanga. Kovu lilikuwa mkunjo wa kanda. Ndugu Mkurugenzi, mtu anaweza kunyang'anywa mali akavumilia, lakini kunyang'anywa kovu ni jambo ambalo hata polisi hawajui waliandike wapi.

3. Kuhusu joka. Hili ni dogo, nalitaja kwa ajili ya haki tu. Alipokuwa wingu, tulimwogopa. Sasa anaonekana magamba na kope, na tumegundua kwamba ana macho ya huruma na jino bovu upande wa chini. Familia yangu nzima sasa iko upande wa joka. Wanasema labda alikuwa na kiu.

4. Kuhusu nywele, na hapa naomba uniazime sikio lako la kibiashara. Kwa miaka mingi vijana wa mtaani kwetu wamekuwa wakikaa kwenye kiti changu na kusema neno moja: "Nipige Mfalme." Nimewapiga Mfalme mabwana harusi. Nimewapiga Mfalme madereva na makarani wa benki. Mtindo huo ndio unaolisha nyumba yangu. Wateja waliposikia nimepata kasha jipya walidai nilete filamu saluni, nami kwa kujiamini kwa mpumbavu nikaleta sehemu ya pili. Haikuchukua muda. Mfalme aligeuza kichwa dhidi ya jua, na pale juu ya sikio, mahali kinyozi hutazama kabla ya mahali pengine popote, ukaonekana ukingo wa wigi, pamoja na gundi yake. Mimi najua nywele zilizoota na nywele zilizobandikwa, hata mngeziweka wapi.

Nilijaribu kusimama mbele ya runinga, lakini walikuwa wameshaona. Fundi viatu wa jirani, aliyekuwa kitini na povu hadi masikioni, akaniuliza kwa upole sana kama miaka yote hii nimekuwa nikiwachonga watu wazima wafanane na wigi. Kisha akacheka, na wembe ulikuwa kooni mwake. Naliweka jambo hili mbele yako kama suala la usalama. Akafuatia mchoraji wa mabango, yule aliyenichora ukutani. Aliitazama runinga, akautazama ukuta, akanitazama mimi, akatangaza kwamba hawa ni watu watatu tofauti, na kwamba yeye alichora alichoagizwa. Tangu siku hiyo watu wanaomba kupunguziwa nyuma tu.

5. Kuhusu mama mkwe. Siku ile ya kidole yeye alikuwa jikoni, akaletewa habari kwamba kinyozi anafanana na wa kwenye filamu. Wazee walipokaa kuijadili posa yangu na kuuliza kijana mwenyewe ana nini, yeye ndiye aliyesema kwamba mkoba wake ni mwepesi lakini sura yake ni ya kifalme, na wajukuu nao wanataka sura. Neno hilo ndilo lililonivusha. Hivi karibuni ametolewa mtoto wa jicho, macho yote mawili, na sasa anaona hadi vumbi nililolificha. Alivuta kiti chake mbele, akatazama sehemu ya kwanza yote bila kusinzia. Ilipokwisha alinigeukia, akanikagua kwa utaratibu kuanzia utosini, akasema, "Kumbe." Hajaongeza kitu. Nimekaa naye siku nyingi, nazijua kumbe zake za aina zote, na hii sikuwahi kuisikia.

6. Lalamiko la sita nimelikata. Mke wangu aliingia nikiwa naliandika, na niliporudi kwenye karatasi nilikuta hasira imepoa.

7. Kuhusu mke wangu. Haya mengine yote, Ndugu Mkurugenzi, ningeyameza. Mtaa ungetafuta jina jingine la kuniita, nywele ningezibadili, mama mkwe ningemzoea. Kilichoniketisha mezani na kalamu ni hiki.

Kasha amelinunua yeye. Mimi nilipinga, nikamwambia kanda zetu bado zinazunguka. Akasema zinazunguka lakini hazionyeshi kitu, na kuna kitu anataka kukiona. Tangu liingie nyumbani, akirudi kutoka kwenye tanuri, unga ungali kwenye nyusi, hakai tena kwenye kochi pamoja nami. Anavuta kigoda hadi mbele ya runinga na kushika rimoti. Ikifika pale Mfalme anapokula kiapo, anaisimamisha picha. Anasogea karibu. Anatabasamu. Kisha anairudisha nyuma kidogo na kuitazama tena.

Tabasamu lile nalijua. Ndilo alilolitoa siku ilipokuja habari kwamba posa imekubaliwa. Nilidhani lilikwisha, kwa maana vitu vingi huisha katika ndoa na hakuna wa kulaumiwa, mtu anachoka na kazi, mtoto anaumwa, sukari inakwisha. Kumbe lilikuwepo siku zote na lilikuwa likisubiri uso mwingine. Inaniuma. Nasema hivyo wazi kwa sababu sijui namna nyingine ya kuliandika. Nimeoa kwa uso usio wangu, nikaula mkopo huo miaka yote hii, na sasa mwenye uso amekuja, yuko sebuleni kwangu, anang'aa.

Ameniita mara mbili. Nilipomuuliza anatazama nini, alisema, "Njoo uone." Sikwenda. Mtu haendi kwa miguu yake kutazama alivyoshindwa. Nilimwambia nina kazi ya kunoa mikasi, na nikanoa mikasi mpaka mmoja ukawa hautumiki.

Usije ukasema nimekimbilia kwako kabla ya kujisaidia. Nilianza kwa kupunguza mwanga wa runinga, akauongeza. Nikasogeza kochi hadi ukutani ili umbali usaidie. Yeye ana kigoda. Nikachukua mafuta ya mgando ya saluni, nikapaka kioo safu nyembamba, na nakuambia kwa muda mfupi ule Mfalme alirudi kuwa mimi. Mke wangu aliporudi akapangusa kioo kwa kitambaa cha unga, akauliza ni nani anayekula maandazi mbele ya runinga, na mama mkwe akanitazama.

Nikaenda kwa shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ambaye ni fundi wa runinga, nikamwomba aturudishie ukungu. Akanijibu, "Shemeji, mimi natengeneza vilivyoharibika. Hiki hakijaharibika." Nikamwambia basi aanze kwa kukiharibu. Akaweka bisibisi chini, akaniuliza kama nyumbani kwema. Nikamwambia kwema. Akanipa soda, na nikaona kwamba habari zimeshamfikia.

Kwa kuwa nimefika mwisho wa uwezo wangu, naleta maombi yafuatayo. Nimeyapanga kwa kukuonea huruma, kuanzia la rahisi. Ukilikubali la kwanza, si lazima uyasome mengine.

Kwanza, naomba kampuni itoe toleo la ukungu. Wapo wengi kama mimi wanaosikia aibu kuandika. Toleo hilo lisafishwe kinyumenyume: vumbi lirudishwe, mistari irudishwe, na kovu la jicho la kushoto lirudishwe kwa uangalifu kwa sababu lina mtu wake.

Pili, kama hilo halifai, naomba barua yenye mhuri wa kampuni ikieleza kwamba katika kusafisha picha mitambo ilikosea uso wa Mfalme ukatoka tofauti, na kwamba kwa kumbukumbu zenu uso wa awali ulifanana na wa kinyozi fulani. Barua iwe fupi. Iandikwe herufi kubwa, mama mkwe aisome bila kusogea.

Tatu, kama dhamiri yenu inakataa kusema uongo, na ninaiheshimu dhamiri hiyo, basi nitumieni yule fundi aliyesafisha filamu. Picha zilizokaa stoo miaka mingi, zimeliwa na fangasi, amezichukua akazifanya zing'ae. Mimi sijakaa stoo. Nimekaa kwenye kochi. Ana kazi ndogo sana: anyooshe pua, aondoe mifuko chini ya macho, na kama anaweza aongeze mwanga kidogo usoni ili mtu akiingia sebuleni ajue ni nani wa kutazama. Chakula na malazi juu yangu.

Nne, na hili nalisema kwa unyenyekevu, mnaweza kurudia kupiga picha sehemu za Mfalme mkinitumia mimi. Maneno yake yote nayajua kwa moyo, pamoja na kilio cha sehemu ya nne. Macho ya kijivu sina, lakini nywele ni zangu mwenyewe, zimeota, na hilo tayari ni hatua mbele ya mliyenaye. Jumatatu saluni hufungwa. Farasi namwogopa kidogo. Naomba anishikie mtu.

Nimemaliza. Nisalimie wafanyakazi wote hapo ofisini, walio kwenye mitambo na walio mapokezi, na yule mama wa usafi ambaye hakuna ofisi inayomkumbuka kwenye salamu. Ukionana na mwenye uso wa Mfalme, mwambie simchukii. Mwambie tu kwamba kuna nyumba moja ambako anakaa kila jioni bila kujua, na kwamba mwenye nyumba hana pa kukaa.

Ni mimi, mteja wenu bila hiari na mume wa mtu mpaka taarifa nyingine,

Kinyozi.

Tanbihi: Barua hii ilikuwa tayari imo ndani ya bahasha. Nilimpa mke wangu aitie posta, kwa kuwa anapita pale. Akaifungua mezani mbele yangu, kwa maana hajawahi kuiamini bahasha iliyofungwa na mume. Akaisoma yote, pamoja na lalamiko la sita, kwani kukata kwangu hakukukata vizuri. Hakucheka. Aliniuliza swali moja, ni nani aliyeniambia mimi nafanana na Mfalme.

Nikamjibu kwamba ni yeye, sebuleni kwao, kwa kidole chake mwenyewe.

Akanishika mkono kama mtu anayevusha mtoto barabara, akanikalisha kwenye kigoda. Akaweka filamu ya kwanza na kuisimamisha palepale penye kiapo. Akaweka kidole kwenye kioo, lakini hakukiweka juu ya Mfalme. Alikipitisha juu ya bega lake hadi nyuma, mahali ambapo kwenye kanda zetu mimi sikuwahi kuona kitu ila ukungu. Pale pana mtu ameshika farasi. Jeshi zima limeinua panga na linapiga kelele. Yeye hana habari nalo. Ameinama na ndoo, na kabla ya kumnywesha farasi ametumbukiza kiwiko chake kwanza aone kama maji si ya baridi mno. Pua ni yangu. Masikio ni yangu. Ana upara unaoanza palepale ambapo wangu ungeonekana kama nisingekuwa nafuga nywele za watu.

Anasema siku ile alikuwa karibu sana na kioo, akamwona hata kwenye ukungu. Akageuka, akaniona mimi mlangoni najibandika taulo la moto shavuni mwangu kabla ya kumwekea baba yake kichwani, nisije nikamuunguza. Ndipo akasema alichosema, na waliokaa mbele wakacheka kwa sababu ilikuwa kweli tupu. Kanda zilivyozidi kuchakaa mtu wake akampotea, na kasha amelinunua ili amwone tena. "Mfalme wa nini?" akaniambia. "Mfalme hata farasi wake hamjui kama amekunywa." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema aliniita mara mbili, nikawa nanoa mikasi.

Barua nimeiacha kama ilivyo kwa sababu nimeiandika kwa mwandiko mzuri na karatasi zimekwisha, lakini naomba usiyafanyie kazi maombi yote manne. Nywele nimeshazikata. Mama mkwe ameziona akasema "Kumbe," na hii ilikuwa ya kawaida.

Lalamiko limebaki moja. Mshika farasi tumempata katika filamu nne kati ya sita. Katika sehemu ya tano mmeikata picha upande wa kulia, anaonekana bega na ndoo tu, na mke wangu anataka kumwona mzima. Tafadhali mwongeze upande huo, na kama kuna mwanga zaidi wekeni wote pale. Mfalme mwacheni alivyo, hapa nyumbani hakuna anayemtazama.